Bi Tabu Afungua Mdomo

Mahfudha aliolewa Temeke, mtaa wa Tandika, mwaka 1994. Mumewe, Nassibu, aliuza nguo za mitumba sokoni. Waliishi na mama yake Nassibu, Bi Tabu, mwenye umri wa miaka sitini na tatu.

Mahfudha alikuwa mpishi hodari. Leo angepika muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Kesho wali na mchuzi wa kuku. Ijumaa aliweka pilau ya nyama, harufu ikafika mpaka barabarani. Lakini kila siku mambo yalikuwa yale yale. Bi Tabu alikula matonge mawili, akasogeza sahani pembeni.

"Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki."

Saa kumi alasiri aliomba chai. Alitia vijiko vinne vya sukari, akachovya mkate wa boflo mpaka ukalainika, akameza.

"Mama yako hanipendi," Mahfudha alimwambia Nassibu.

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Ninachopika hakili. Boflo la dukani analila."

"Labda unazidisha pilipili. Mama si mtu wa pilipili."

Mahfudha akaacha pilipili. Bi Tabu hakula. Akapunguza chumvi. Bi Tabu hakula. Mwishowe chakula kikakosa ladha kabisa, na Nassibu ndiye aliyeanza kulalamika.

Bi Tabu akazidi kukonda. Siku moja jirani alimuuliza Mahfudha kisimani, "Mkweo mbona amekwisha hivyo? Mnampa chakula kweli?" Mahfudha alibeba ndoo yake akarudi nyumbani analia.

Jumapili iliyofuata alikuja mgeni. Alikuwa Bi Rukaiya, dada yake Bi Tabu, kutoka Kawe. Bi Rukaiya alimzidi mdogo wake miaka mitano. Mahfudha alimpikia kuku wa kienyeji. Bi Rukaiya alikula nyama, akatafuna na gegedu, huku anazungumza na kucheka. Bi Tabu alilowesha wali kwa mchuzi, akala kidogo, akanawa.

"Tabu, una nini?" Bi Rukaiya aliuliza. "Umebaki mifupa."

Mahfudha hakuweza kunyamaza tena.

"Mama mkubwa, chakula changu hakimpendezi. Nimejaribu kila namna. Kama hanitaki katika nyumba hii, aseme, nirudi kwetu."

Nassibu aliinamisha kichwa. Bi Rukaiya alimtazama mdogo wake, akingoja aseme neno. Bi Tabu aliinuka polepole, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku tatu zikapita. Jumatano asubuhi, Nassibu alipokwenda sokoni, Mahfudha alifagia uani. Akamkuta Bi Tabu amekaa nyuma ya choo, mkono mmoja shavuni. Kwa mkono wa pili alishika kipande cha pamba, na kichupa kilikuwa miguuni pake. Alikuwa akichovya pamba na kuipeleka mdomoni.

"Mama! Nini hicho?"

Bi Tabu alishtuka. Mahfudha akanusa kichupa. Harufu ikamchoma pua.

"Maji ya betri! Mama, unataka kujiua?"

"Ni dawa ya jino," Bi Tabu alijibu kwa sauti ndogo. "Watu wanasema yanaua mdudu."

Ndipo Mahfudha alipoona. Shavu la kushoto limevimba. Ufizi umeungua, umekuwa mweupe.

"Tangu lini unaumwa?"

"Mwaka wa pili huu. Upande huu siwezi kutafuna. Na ule mwingine hauna meno ya kutosha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe bi harusi, mie nikuoneshe mdomo unaonuka? Naona haya, mwanangu. Na Nassibu ndio kwanza anaanza biashara. Hospitali siku hizi watu wanachangia gharama."

Mahfudha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Kwa hiyo hukichukii chakula changu?"

"Nikichukie? Ile pilau ya Ijumaa nilikuwa nainusa mpaka mate yananitoka. Ila nyama ingenitoa roho."

Wakatazamana. Mahfudha alianza kulia, kisha akacheka, na Bi Tabu naye akacheka huku ameshika shavu.

"Mwaga hayo maji, Mama. Twende kwa Yustina."

Yustina alikuwa tabibu wa meno katika hospitali ya serikali. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Walimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, mwanangu."

Yustina alinawa mikono, akamgeuza Bi Tabu upande wa jua, akatazama mdomoni.

"Pole sana. Meno mawili yameoza mpaka ndani, na chini yake kuna usaha. Hayo itabidi yatoke. Mengine mawili yana matundu madogo, hayo tunaweza kuyaziba. Fizi nazo zinatoa damu. Na huu moto mdomoni umeuwasha mwenyewe kwa maji ya betri. Hakuna mdudu mle ndani, mama."

"Sasa nani anatoboa jino kama si mdudu?"

"Vijidudu visivyoonekana kwa macho. Unapokunywa chai ya sukari, navyo vinakula hiyo sukari. Vikishakula vinatoa uchachu unaolegeza jino kidogo kidogo, mpaka linatoboka. Unakunywa chai mara ngapi kwa siku?"

"Nne. Tano. Kutafuna siwezi, nifanyeje?"

"Umeona? Jino linauma, unakimbilia chai tamu na mkate laini. Na hivyo ndivyo vinavyozidi kulitoboa."

Bi Tabu akatikisa kichwa.

"Mie naona tusihangaike. Huu ni uzee. Mtu mzima meno yanamtoka. Mama yangu alikufa kibogoyo."

Yustina akafikiri kidogo.

"Jumapili nilimwona mgeni wenu. Yule ni nani?"

"Dada yangu, Rukaiya."

"Mdogo wako?"

"Mkubwa wangu. Kanizidi miaka mitano."

"Meno anayo?"

Bi Tabu akageuka kumtazama Mahfudha.

"Anayo," Mahfudha alijibu. "Ametafuna kuku mpaka gegedu."

"Basi kama ni uzee," Yustina alisema, "ungeanza kwake."

Bi Tabu hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Yeye na Rukaiya walizaliwa na mama mmoja, wakala chungu kimoja. Kisha Rukaiya akaolewa na karani wa kampuni kubwa. Kampuni ilikuwa na daktari wake, na kila mwaka mke na watoto walitazamwa meno. Bi Tabu aliolewa na kuli wa bandarini. Hakuna aliyewahi kumwambia afungue mdomo.

"Kumbe," alisema taratibu. "Mwenzangu alitazamwa. Mie sikutazamwa."

"Ndiyo, mama. Lakini hujachelewa."

Bado Bi Tabu aliogopa. Alisikia kwamba anayeng'olewa jino la juu hupofuka. Yustina alimhakikishia kwamba jino lina mishipa yake na jicho lina yake. Alimwambia pia kwamba atachomwa sindano ya ganzi kwanza. Na kuhusu malipo, hospitali ilikuwa na utaratibu wa kuwasamehe wasio na uwezo. Alitakiwa kuleta barua ya mtaa wake tu.

Jioni Nassibu aliposikia habari yote, aliumia moyo.

"Mama, nimekuwa nikiuza mashati sokoni, na wewe unajichoma kwa maji ya betri humu ndani!"

Kesho yake alifunga meza yake. Alimpeleka mama yake kuchukua barua, kisha hospitali. Mahfudha aliingia chumba cha meno pamoja na mkwewe, akamshika mkono. Kwanza Bi Tabu alipewa dawa za kukausha usaha. Wiki iliyofuata meno mawili yaling'olewa.

"Umekwisha anza?" Bi Tabu aliuliza, macho ameyafumba.

"Nimekwisha maliza," Yustina alijibu, akamwonesha jino.

Baadaye yale mawili yalizibwa na fizi zikasafishwa. Yustina alimfundisha kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, polepole, meno ya mbele na ya nyuma, ndani na nje. Dawa ya meno, kiasi cha punje ya harage tu. Dawa ikiisha, atumie mswaki wa mti, lakini asikose. Tambuu, aliyoizoea tangu ujana, aliambiwa aiache kabisa, kwa sababu tumbaku inayotiwa ndani yake inaharibu fizi na inaweza kuleta saratani ya mdomo. Hilo lilimwia gumu kuliko kung'olewa. Kwa mwezi mzima alikuwa mkali, akimkaripia kila mtu. Chai aliendelea kunywa, ila bila sukari, akaitia tangawizi na iliki.

Mwezi wa pili baada ya hapo, Mahfudha alipika pilau. Alikatakata nyama vipande vidogo. Bi Tabu alikula sahani nzima, akaomba tena.

"Ila mwanangu," alisema, "mbona chumvi haimo? Na pilipili je? Mie napenda pilipili!"

Nassibu alipaliwa kwa kicheko.

Mwili ukamrudia Bi Tabu. Alianza kuwatazama wazee wenzake kwa jicho jingine. Pale mtaani, Mzee Jamali alikula uji tu. Bi Zuena alizungumza amefunika mdomo kwa upande wa kanga. Wote walisema ni uzee. Bi Tabu aliwapitia mmoja mmoja, akawafungulia mdomo wake mwenyewe.

"Tazama hapa. Limezibwa. Tazama na hapa. Limetoka, na macho yangu haya, ninakuona na upara wako."

Yustina alizungumza na mkubwa wake wa kazi, wakakubali kuwatenga wazee na foleni kubwa kila Jumanne asubuhi. Jumanne ya kwanza walikuja wanne. Ya pili, tisa. Ya tatu, benchi lote lilijaa, wengine wakakaa juu ya ndoo zilizofudikizwa. Bi Tabu alifika amechelewa, akakosa pa kukaa. Alisimama mlangoni, akawahesabu, kisha akaingiza kichwa chumbani.

"Yustina, mwanangu, nawa mikono. Leo tuko kumi na saba, na Mzee Jamali anasema aanze yeye."