Aliyeniita Koku Kwenye Kanisa la Wafaransa

Mama alizikwa Bukoba saa saba mchana. Huku Guangzhou ilikuwa saa kumi na mbili jioni, giza la Desemba linaingia, nami ndiyo kwanza natoka soko la nguo la Liuhua kumwachia laoban, bosi wa kiwanda, sampuli za suruali zangu. Sikwenda kuzika. Pasipoti yangu ilikuwa bado ofisi ya viza. Kaka yangu Jovin aliniambia kwenye simu, "Anastazia, baki tu. Hatuwezi kumweka zaidi."

Nikabaki.

Nikasema basi, angalau nikamwashie mshumaa.

Karibu na mto kuna kanisa dogo la mawe. Wafaransa walilijenga kwa ajili ya watu wao, enzi za meli za mvuke. Mawe yalikuja kwa mashua, yakachongwa kwa mkono na mafundi wa hapahapa. Ndiyo maana ukuta ni wa Ulaya, lakini paa ni la vigae vya Kichina, na midomo ya kumwagia maji ya mvua imechongwa vichwa vya simba wenye macho ya duara. Ndani, nguzo ni nene kiasi kwamba watu wawili hawawezi kuikumbatia moja. Sakafu ni makaburi. Unatembea juu ya majina. Miaka kumi na tisa. Miaka ishirini na mbili. Vijana tu, homa iliwamaliza.

Mlinzi, Mzee Leung, alikuwa anafunga. Nikamwonyesha picha ya mama, nikaunganisha viganja. Akaelewa. Nikawasha simu yangu ile sehemu ya kutafsiri, akaongea Kichina, simu ikatoa Kiswahili kwa sauti yake ya kutangaza treni.

"Dakika kumi. Kaa mbele. Usiende nyuma ya nguzo ya kushoto. Ukiitwa, usiitike."

Nikadhani tafsiri imeharibika. Huwa inaharibika.

Akatoka kufunga milango ya nje. Nikaweka simu kwenye benchi, bado inasikiliza, nikawasha mshumaa. Nikajaribu kusali. Nilichokiona ni shamba letu la migomba, watu wamesimama, na mahali pangu hapana mtu.

Ndipo baridi ikapanda kutoka sakafuni. Ikaja na harufu. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Koku..."

Nikaganda.

Mji huu una watu mamilioni, na hakuna hata mmoja anayejua kuwa mimi ni Koku. Jovin mwenyewe haniiti hivyo. Jina lile lilikuwa la mama peke yake.

"Koku, waitu..." Kihaya cha kubembeleza. Sauti yake ileile ya asubuhi, yenye mikwaruzo kidogo. Ilitoka nyuma ya nguzo ya kushoto.

Nisikudanganye, sikuogopa. Miezi minne nilikuwa nimekula peke yangu, nimeugua peke yangu, nimelia msalani ili jirani asisikie. Miguu ilinyanyuka yenyewe.

"Bee, mama," nikaitika.

Kisha kitu kikahema. Si kimoja. Ilikuwa kama benchi zote zimevuta pumzi pamoja.

"Sogea, mwanangu. Hapa ni baridi."

Nilibakiza hatua tatu. Niliona kiganja kikishika ukingo wa nguzo. Cheupe, chembamba, kucha zimejaa udongo. Mama yangu alikuwa mweusi, na vidole vyake vilikuwa vinene vya kulima.

Nikarudi nyuma, nikajikwaa kwenye benchi, nikadaka simu. Kioo kilikuwa kinawaka. Nilichokisikia mimi kilikuwa Kihaya, lakini juu ya kioo paliandikwa kwamba lugha iliyosikika ni Kifaransa. Chini yake, kwa Kiswahili:

"Sogea. Hapa ni baridi. Mbona hakuna aliyekuja kutuchukua?"

Sijui nilipiga kelele gani. Mzee Leung alinivuta mkono hadi barabarani, kwenye taa za maduka. Akaiongelea simu.

"Zamani kila jioni padri aliwasomea waliozikwa mle majina yao, kwa lugha yao. Wafaransa walipoondoka, miaka sabini sasa, usomaji ukaisha. Wanaita. Kwanza waliniita mimi, kwa sauti ya baba yangu." Akanitazama usoni. "Uliitika?"

Nikasema hapana.

Nilimdanganya mzee wa watu.

Wiki ile ndiyo kwanza nilikuwa nimehamia chumba cha Mwanahija, Mzanzibari, mfanyabiashara wa mapazia. Sikumweleza kitu. Siku ya tatu, mara tu baada ya kuswali magharibi, akakunja msala na kuniuliza, "Shoga, Koku ndo nani?"

Kijiko kikanidondoka.

"Umelisikia wapi?"

"Kuna mtu anaita huko ngazini. Tangu jana. Nikifungua, simuoni."

Nikamwambia yote. Hakucheka. Akasukuma meza mlangoni, akakaa juu yake, akawa anasoma aya kwa sauti ya chini huku amenishika mkono. Nyuma ya mbao za mlango, karibu kabisa na tundu la ufunguo, mama aliniita. Nikajiziba mdomo kwa mto. Aliita mpaka sauti ikakauka.

Pasipoti ilitoka Alhamisi. Nikaondoka Ijumaa. Nilimsihi Mwanahija ahame; akasema kontena lake likishapakiwa bandarini Nansha, anahama.

Sasa niko Bukoba, wiki ya pili. Kaburi la mama nimelifikia. Nilikaa pale jioni nzima, nikamwita kwa sauti kama mwehu. Migomba ilitikisika, basi. Nyumba hii imejaa ndugu, na hakuna anayeniita.

Leo nimewasha simu nikakuta ujumbe wa sauti wa Mwanahija. Ananong'ona.

"Shoga... yule wa ngazini kaacha kukuita wewe. Sasa ananita mimi. Ananita Kidawa, jina alonipa bibi yangu, Mungu amrehemu. Huku hapana mtu alijuaye. Tena kwa Kimakunduchi, lafudhi yake khasa... Analia, shoga. Anasema nje baridi. Na mimi nimemkumbuka mno bibi yangu..."

Halafu meza inakwaruza sakafu, kama inasogezwa toka mlangoni.

Ujumbe ni wa saa mbili zilizopita. Nampigia tangu hapo.

Inaita. Inaita tu.