Nusu Kikombe cha Yordan

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chungu kiliita.

Hakikulia kama kengele. Kilikohoa kidogo, kama mzee anayebisha hodi kwa heshima, kisha kikasema, "Yordan, kidole."

Yordan Komba, mtoto wa miaka minane, alitoka kitandani akiburuta shuka, akaingiza kidole cha shahada katika tundu lililokuwa ubavuni mwa chungu. Sindano nyembamba kuliko unywele ilichukua tone moja la damu. Chungu kikanyamaza. Kilikuwa kinalisoma tone lile, kikihesabu chembe ngapi zimepinda kama mundu na ngapi bado ni duara. Kisha kikaanza kuvuma taratibu, bila moto, na baada ya dakika ishirini kikamimina kikombe kimoja cha kinywaji cha vuguvugu, chenye rangi ya ulezi na uchachu kidogo.

"Kinaongea kuliko baba yako," alisema mama yake, Osmunda, akimfuta mtoto uso kwa ncha ya kanga. "Na kinaamka mapema kuliko yeye."

Kandida Ngonyani, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alicheka. Ndiye mhandisi aliyekibuni chungu kile, na jina lake alikipa yeye: chungutabibu.

Wakati huo mji wa Songea ulikuwa umejaa mashine. Barabara zilifagiwa na roboti, na watu walipanda milima ya Matogoro kwa vibanda vilivyoning'inia kwenye waya. Lakini watoto wenye selimundu walikuwa bado wanalia kwa maumivu ya mifupa kama walivyolia watoto wa zamani. Ndani ya chungutabibu mliishi kimeadawa, yaani viumbe wadogo sana, jamaa ya hamira, waliofundishwa kutengeneza dawa ya kuzinyoosha chembe za damu zilizopinda. Kimea kilikuzwa na maabara ya Mzuzu. Vyungu vyenyewe vilifinyangwa Lichinga. Akili ya chungu iliundwa Songea. Gharama zote zilitoka katika Mfuko wa Pamoja wa Tiba, uliochangwa na wananchi wa nchi tatu za miji hiyo kila waliponunua sukari. Kwa hiyo Kandida alipenda kuwaambia kina mama, "Chungu hiki ni chenu. Mimi ni mfinyanzi tu."

Kabla ya kukigawa kwa watu wote, ilibidi ijulikane kama kinaponya kweli. Watoto mia nne walipewa vyungu kwa mwaka mmoja, huku wakiendelea na dawa zao za kawaida. Nusu ya vyungu vilikuwa na kimea hai. Nusu nyingine vilikuwa na kimea kilichokwisha kufishwa, chenye rangi ileile na uchachu uleule. Hakuna mzazi aliyeambiwa mtoto wake ana kipi. Hata Kandida hakujua, kwani orodha ilifungiwa Mzuzu. Kama wenye kimea hai wangeonekana wamepata nafuu kuliko wenzao, kila mtoto mwenye selimundu katika nchi zile tatu angepata chungu chake. La sivyo, mradi ungefungwa.

Yordan alikufa mwezi Machi, mwezi wa kumi wa majaribio. Maumivu yalimwanzia miguuni yakapanda kifuani. Kandida alikuwepo hospitali. Katika yote ya siku ile alikumbuka zaidi muuguzi mmoja kijana, ambaye alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto kabla ya kumgusa mtoto.

Mwishoni mwa Mei orodha ilifunguliwa. Yordan alikuwa na kimea hai. Wenye kimea hai walipata nafuu kidogo, na wenye kimea mfu walipata nafuu kidogo vilevile. Kamati ya Mfuko ilisoma majibu hayo ikasema kwamba dawa isiyoshinda maji si dawa. Tena mtoto mmoja amekufa huku akipewa dawa hai kila asubuhi. Jumatatu iliyofuata vyungu vyote vilizimwa.

Jumatano Kandida alianza kuvikusanya. Angeweza kutuma roboti za mizigo, lakini aliona si adabu kuchukua kitu cha mgonjwa bila kuaga.

Nyumba ya Tekla Haule ilitazamana na ya Osmunda, barabara moja katikati. Tekla alikuwa muuza togwa, uji uliochachushwa kwa kimea. Kabla mgeni hajalalamika kuhusu jua, alikwisha kumhamishia kigoda kivulini. Binti yake Fausta, mwenye miaka saba, alikuwa akiosha ndoo.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mwanangu. Umerefuka."

"Sijarefuka. Gauni ndilo limefupika."

"Mdomo huo," mama yake alisema. "Hebu nenda kachambue mboga."

Mtoto alipoondoka, Tekla alikitazama chungu chao kilichofunikwa kwa kitambaa safi.

"Kwa hiyo mnakichukua."

"Tunakichukua, Mama Fausta. Dawa haikufaa."

"Nani kasema?"

"Hesabu zimesema. Waliokunywa kimea hai na waliokunywa kimea mfu wako sawasawa."

Tekla alivuta pumzi. "Dakta, nauza togwa mwaka wa ishirini na mbili huu. Ulidhani sitajua kilicho hai na kilichokufa?"

Kandida hakuelewa.

"Wiki ya pili tu nilijua," Tekla aliendelea. "Nilichota kijiko kutoka kikombe cha Fausta na kijiko kutoka kikombe cha Yordan, kila kimoja nikakitia kwenye uji wake wa vuguvugu, nikafunika. Kesho yake wa Yordan umeumuka mpaka unatoa povu. Wa mwanangu umelala kama maji ya kuoshea vyombo. Nikaenda kwa Osmunda nikalia. Sikumwomba kitu, Mungu ni shahidi. Nililia tu. Yordan alikuwa pale anafunga viatu. Asubuhi iliyofuata nikamsikia anaita kutoka kibarazani kwao, 'Fausta, karibu tunywe.'"

"Wakagawana."

"Nusu kwa nusu. Osmunda alichora mstari wa mkaa ndani ya kikombe, asije akampunja mtoto wangu."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku zote, mpaka alipofariki. Na si sisi peke yetu. Kina mama walikuja na vijiko vyao hapa niwapimie. Ulidhani mtoto atakunywa dawa mwenzake anamtazama mdomo? Uliza mtaa mzima."

Kandida alikitazama chungu kile chini ya kitambaa chake. Chungu kilijua kilichomimina. Hakikujua kilichomezwa. Miaka kumi na minne ya kazi yake, na hakuwahi kuwaza jambo hilo, yeye aliyelelewa katika nyumba ambayo mpita njia hakuachwa apite bila kukaribishwa chakula.

"Usimwambie Osmunda kwamba huenda kikombe kizima kingemfaa," Tekla alisema kwa sauti ndogo. "Anajua dawa haikufaa, basi. Angalau analala. Mimi tangu Machi siwezi kuvuka barabara hii. Nikimwona nageuza njia. Mwanangu yupo, wake hayupo, na nusu ilikuwa yake."

Kwa siku nne Kandida alipita nyumba kwa nyumba. Kila mahali palipokuwa na majirani wawili wenye vyungu, alisikia habari ileile. Wengine walieleza kwa aibu, wengine kwa kushangaa kwamba hakujua. Jioni ya Jumapili aliiomba mashine ya maabara imtenge kila mtoto aliyekuwa na kimea hai na asiyekuwa na jirani katika majaribio. Walikuwa kumi na mmoja. Waliishi mashambani, mbali na wenzao, na walikunywa kikombe kizima kwa sababu hapakuwa na wa kumkaribisha. Damu ya watoto wale kumi na mmoja ilikuwa karibu sawa na ya mtu asiyeumwa.

Dawa ilikuwa inaponya. Ilikuwa inaponya tangu mwanzo.

Asubuhi alimpigia Profesa Gama, mwenyekiti wa kamati. Uso wa mzee ukatokea juu ya meza, umechoka, na kalamu nyuma ya sikio. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kamati itafungua tena," alisema. "Lakini swali la kwanza litakuwa kile kifo. Mtoto aliyepewa dawa hai amekufa. Nahitaji mama yake athibitishe kwamba hakunywa kikombe kizima. Mpelekee kibao cha kioo aweke dole gumba, inatosha."

"Atataka kujua anathibitisha nini."

"Mwambie ni karatasi za kufungia mradi. Anakuamini." Akaitoa kalamu nyuma ya sikio. "Sisemi hivi kwa hila, Kandida. Mama yule amezika. Kunyamaza nako kuna huruma yake."

Kandida alifikiria maneno hayo njia nzima.

Osmunda alikuwa akianua nguo. Alimpisha mgeni ndani, akapanguza kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Juu ya kabati palikuwa na viatu vya mtoto, vimepigwa brashi.

"Nimekuja na kibao, Mama Yordan. Kinataka dole lako."

"Wapi? Hapa?"

Alikuwa amekwisha kunyoosha kidole, hajasoma hata mstari mmoja. Kandida alikiona kile kidole, kimepauka kwa sabuni, kikishuka kuelekea kwenye kioo. Ilibaki nafasi ndogo tu. Angesema ndiyo, na watoto wa nchi tatu wangepata dawa, na mama huyu angeendelea kulala usiku.

Alikivuta kibao, akakilaza mapajani mwake.

"Kwanza nisikilize. Ukishasikia, kama hutaki kuweka, huweki."

Akamweleza yote, polepole, tangu kijiko cha Tekla hadi watoto kumi na mmoja wa mashambani. Osmunda hakulia. Alikuwa ameshika shati la shule lililoanuliwa, akawa analikunja, analikunjua, analikunja tena.

"Kikombe kizima kingemponya?"

Mtu wa sayansi anaruhusiwa kusema hatujui. Kandida alilitafuta neno hilo, akaliacha.

"Kwa mtoto mmoja mmoja siwezi kuapa. Lakini wale kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyelazwa hospitali tangu Septemba. Naamini kingemponya."

Roboti ya kufagia ilipita nje ya dirisha, ikasimama kumpisha kuku, ikaendelea.

"Nilimfundisha mimi," Osmunda alisema. "Alikuwa na miaka mitatu. Nilimkuta amejificha nyuma ya mlango na kipande cha muwa. Nikamwambia, mtu hali kwa kujificha. Hakurudia tena." Akalilaza shati magotini. "Asubuhi ile ya mwisho alikuwa na homa. Nikamwambia, leo kunywa chote, Fausta ataelewa. Akaniuliza, 'Na yeye atakunywa nini?' Nikapima kwenye mkaa, kama siku zote."

Kandida alitaka kumshika mkono, lakini Osmunda alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye mtungi, akachota maji, akamletea mgeni kikombe huku amekigeuza ili mkono wa kikombe umwelekee mgeni. Kisha akaketi.

"Nusu ile ilimfanyia nini Fausta?"

"Ilimweka hai. Damu yake ilikuwa mbaya kuliko ya Yordan. Bila nusu ile..."

"Ndiyo maana Tekla hanisalimii."

"Ndiyo."

"Nilidhani amechoshwa na msiba wangu. Watu huchoka."

Alinyoosha mkono apewe kibao. Safari hii alikisoma, midomo ikitembea.

"Hapa mmeandika nini? Mtoto namba mia moja na kumi na saba, alipewa kikombe kizima, akanywa nusu. Alikunywa nusu kwa nini?"

"Fomu haina nafasi ya kwa nini, Mama Yordan."

"Itafute."

Kandida aliandika kwa kidole pembeni, nje ya mistari, mahali ambapo mashine ya kamati pengine isingesoma: *Jina lake Yordan Komba. Nusu alimpa jirani.* Akamgeuzia. Osmunda alisoma mara mbili, kisha akaweka dole. Kioo kikang'aa kijani, kikazima.

Kwa mbali, ng'ambo ya barabara, sauti ya mtoto ilikuwa ikibishana na mama yake juu ya mboga.

"Tangu Machi amekunywa nini?" Osmunda aliuliza.

"Nani?"

"Fausta."

"Hajanywa dawa hai tangu hapo. Vyungu vilizimwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Na chake kilikuwa kimea mfu toka mwanzo."

"Kamati inakaa lini?"

"Alhamisi. Lakini nikiwahi maabara kabla hawajafunga, Profesa anaweza kuniruhusu chungu kimoja cha dharura."

Osmunda alimtazama, macho yamekauka na yamekuwa mekundu pembeni.

"Dole nimeshaweka," alisema. "Mbona bado umekaa?"