Salamu za Koplo Brückl

Risasi ya kwanza ilivunja taa ya pikipiki. Ya pili ikamchana Soizic begani.

Hakupunguza mwendo.

Mbele yake Citroën nyeusi ilikata kona za barabara ya Brest, genge refu juu ya bahari likiwa kulia. Kapteni Rademacher aliendesha peke yake, bastola ya Luger mkononi. Mpenda sifa hapendi kugawana.

Amri ilikuja alfajiri, redioni kutoka London.

"Shemeji hapa," sauti ikajitaja kwa jina la siri. "Kapteni amemshtukia koplo wetu. Bado hajamwambia mtu. Asifike ngomeni."

"Nimpige risasi?"

"Thubutu! Iwe ajali. Wakinusa mkono wetu, watabadilisha kila kitu."

Koplo Brückl hakuwa mtu wao hata kidogo. Alikuwa Mjerumani mvivu aliyeendesha mashine ya kugeuza ujumbe kuwa mafumbo katika ngome ya Wajerumani. Kila asubuhi alituma maneno yaleyale: Hakuna jipya la kuripoti. London walikwisha kuyajua, na kwa maneno hayo walifumbua mafumbo ya siku nzima, wakajua nyambizi za Wajerumani zimejificha wapi. Hilo ndilo Kapteni alilolishtukia. Goulven, mume wa Soizic, alikuwa baharini wiki hiyo, kwenye meli ya mafuta. Ngome ileile ilimnyonga kaka yake Soizic, na sasa ilimbidi amwombee koplo wake maisha marefu.

Luger ikaishiwa risasi. Soizic akalisogelea gari, akaiacha pikipiki ijiendee mtaroni, akarukia ubavuni mwa gari.

Spana aliyoichomoa mfukoni ikavunja kifundo cha mkono wa Kapteni.

"Malaya wee! Unanijua mimi nani?"

"Nakujua. Una mdomo mrefu."

Akambamiza uso kwenye usukani. Mara mbili. Meno yakamwagika. Kisu kilikuwa kiunoni, lakini jeraha la kisu si la ajali. Akaukata usukani kulia, akajitupa barabarani.

Gari likapaa, likagonga mwamba, likawaka. Kapteni alipiga kelele, kisha akanyamaza.

Soizic akaokota maganda ya risasi, akayatupa baharini, akaitoa pikipiki mtaroni, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata alikaa mbele ya redio, bega limeshonwa kwa uzi wa nguo. Kapteni mzima kafa mlangoni pa ngome! Leo hata mvivu angekuwa na la kusema, na London wangebaki gizani.

"Shemeji, koplo kasema nini?"

Shemeji akaangua kicheko.

"Hakuna jipya la kuripoti."

"Na mume wangu?"

"Meli zimeshabadilishiwa njia. Wamepita salama."

Soizic alilia, akacheka, mpaka mshono ukaachia.

Baadaye, kwenye foleni ya mkate, Brückl alimpita kila mtu kama kawaida ya askari wa Kijerumani, huku akipiga miayo. Wanawake wakasonya. Soizic akampisha.

"Pita, koplo wangu, usije ukachelewa kulala."

"Wewe mama una roho nzuri."

"Mungu akuweke."

Akachukua mkate wake, akainua kola kuficha damu, akaenda zake.