Jibu la Saa Tisa na Dakika Kumi

Mimi sikuwepo. Nimesimuliwa na rafiki yangu, mtengenezaji wa tovuti, mtu asiyejua kutia chumvi.

Yeye alisanifu kurasa; mkewe alitafuta wateja kwa matangazo ya mtandaoni na kuwajibu kwenye kisanduku cha ujumbe. Kabla ya kutuma jibu lolote, mke aligonga meza kwa pete yake mara mbili. Mazoea tu.

Miezi mitatu baada ya mazishi ya mkewe, mdogo wa marehemu alimwambia, "Shemeji, liondoe jina la dada kwenye tovuti. Watu bado wanamuulizia."

Basi alasiri moja ya mvua kubwa alifunga madirisha ya mbao, akakaa, akaifuta picha, kisha jina. Alilia kidogo. Hapo hapo mgeni akaandika kwenye kisanduku: "Hamjambo? Mnatengeneza tovuti za maduka madogo?"

Kabla hajajibu, umeme ukakatika. Kompyuta zikazima, chumba kikawa giza totoro. Alisikia mvua juu ya bati. Kisha, kwenye meza ya mkewe, vitufe vikabonyezwa polepole. Kimya. Halafu: ko, ko.

Akaipapasa pete. Ilikuwa shingoni mwake, kwenye uzi, kama siku zote.

Umeme uliporudi, mgeni alikuwa ameshajibiwa, saa tisa na dakika kumi, kwa jina lile lililofutwa:

"Hatujambo, mpendwa. Ndiyo, tunatengeneza. Mume wangu katoka kidogo, nipo namsubiri. Huwa hachelewi."