Mkoba Uliofumuliwa

Kra. Kimya. Kra.

Ilikuwa sauti ya uzi wenye nta ukivutwa ndani ya ngozi, na Chadia aliijua vizuri sana, maana tangu aolewe na Almasi, fundi ngozi wa Kadutu, hakuna jioni aliyolala bila kuisikia ikitoka sebuleni. Akageuka ili aseme, Papa Idrissa, zima taa, kuja ulale. Mkono wake ukagonga bega la mume wake. Almasi alikuwa palepale kitandani, anakoroma. Na kule sebuleni uzi ukavutwa tena, kra, polepole, kama wa mtu asiye na haraka na usiku.

Chadia hakutoka. Nani angetoka? Alimvuta Idrissa, mtoto wake wa miezi saba, akamweka kifuani, akafunika vichwa vyao viwili kwa blanketi. Lakini harufu blanketi haiizuii. Ilipita chini ya mlango, ya ngozi mbichi na ya jasho la zamani, jasho la mtu aliyetembea siku nyingi na mzigo.

Asubuhi mkoba mpya wa mteja ulikuwa juu ya meza. Jana Almasi aliuacha umeshonwa upande mmoja tu. Sasa pande zote mbili zilikuwa zimeshonwa, na mishono ya upande ule mpya ilikuwa midogo, imebana, mizuri kuliko ya fundi mwenyewe.

"Ni weye ulishona hii?" Chadia akauliza.

Almasi akaugeuza mkoba, akacheka. "Basi ni mimi. Nilichoka, nimesahau. Ao ni weye, unataka kuniibia metier, kazi yangu?"

"Usicheke, Papa Idrissa. Nilisikia mutu hapa usiku, na weye ulikuwa unalala."

"Ulisikia mvua."

Haikunyesha.

Mkoba ule ulikuwa wa Gloire, binti wa chuo kikuu aliyeongoza kikundi cha vijana wenye mchezo wao wa ajabu. Wakati wa likizo walipanda milima ya nyuma ya kijiji cha Miti, wakatembea na kulala kule porini wamevaa kama watu wa ufalme walioubuni wao wenyewe, wenye malkia, walinzi na mnyama anayekaa ndani ya ukungu. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kubeba kitu ambacho mababu hawakuwa nacho. Hakuna plastiki, hakuna fermeture ya zipu, hakuna simu. Maji kwenye vibuyu, kulala ndani ya shuka za gome la mti, viatu vya ngozi ya ng'ombe vilivyofungwa kwa kamba. Almasi alikuwa ameshawatengenezea viatu na mikanda. Safari hii Gloire alitaka mkoba wa mgongoni, wa wakati wa misafara, na alitaka uwe wa kweli, si wa kubahatisha.

Na Almasi alikuwa nao wa kweli. Babu wa babu yake alifika Uvira akitoka pwani na msafara, na mkoba wake ulibaki katika ukoo, unaning'inia ukutani kwa mama mkwe wa Chadia, hauguswi. Almasi aliuazima akisema anataka kuupaka mafuta. Kumbe akaufumua. Ndiyo kazi ya mafundi hapa Bukavu: ukitaka kuiga nguo nzuri, unaifumua yote, unalaza vipande juu ya karatasi, unachora patron ya kukatia, kisha unakata mpya. Kaputula, koti, gauni la harusi, vyote vinafumuliwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuugua kwa sababu ya koti.

Gloire alipopita kuangalia kazi, alipiga makofi kama mtoto. "Tonton Almasi! Hii mishono ya huku, ulijifunzia wapi? Malkia atanionea wivu."

"Malkia si weye?" Chadia akauliza.

"Mimi ni mupagazi, Maman Idrissa! Nilichagua mwenyewe. Mupagazi ndiye anajua njia zote."

Akajaribu mkanda begani, akatembea sebuleni ameinama kwa maringo, na Almasi akamtania kwamba anafanana na mamans wanaopandisha magunia ya unga kutoka bandarini. Wote wakacheka. Chadia peke yake aliona Idrissa, pale mkekani, anaufuata ule mkoba kwa macho bila kupepesa, na midomo yake inatetemeka kama anayetaka kulia na amekatazwa.

Kesho yake Chadia alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akashuka sokoni. Jua lilikuwa linawaka, watu wamejaa njiani, wauza ndizi wanagombana, na hapo katikati ya watu wote, kwenye mteremko, mzigo wake ukaongezeka. Kwanza kidogo, kama mtoto amelala. Kisha kitenge kikamkata kifuani, akashika ukuta, na harufu ile ya jasho ikamjia nyuma ya shingo pamoja na pumzi, pumzi ndefu ya mtu mzima, na sauti kavu ikamwambia ndani kabisa ya sikio, "Tembea."

Muuza samaki mmoja akamwangalia, akasimamisha kisu.

"Maman, unabebaje watoto wawili peke yako?"

"Ni mumoja."

"Mumoja?" Yule mama akarudi nyuma, samaki mkononi. "Na huyu mwenye miguu inaburuta chini ni wa nani?"

Chadia hakutazama chini, alikimbia, alikimbia kupanda mlima na mzigo ule, anapiga watu vikumbo, anasema samahani, anasema Mungu wangu, na kila alipotaka kupumzika sauti inasema tembea, na alipofika nyumbani akafungua fundo kwa meno kwa sababu vidole vilikataa, Idrissa akateleza mikononi mwake mwepesi kama kuku aliyekatwa na kunyonyolewa, macho yameingia ndani, ngozi ya mapaja imelegea, mtoto ambaye asubuhi ile alikuwa mnono, na alipompa ziwa akageuza uso. Mgongoni mwa mtoto kulikuwa na alama mbili nyekundu, pana, kama za mikanda.

"Almasi! Ulifanya nini na ule mukoba? Sema! Mutoto anakufa!"

Almasi akakaa chini. Ndipo akasema. Ndani ya mkanda wa bega wa mkoba wa zamani alikuta kifurushi kidogo cha ngozi, kimeshonwa pande zote. Akafikiri ni cha kuzuia mkanda usiumize bega. Akakifumua vilevile, apate patron yake. Ndani kulikuwa na nywele na vumbi, basi. Akakitia kwenye kopo la vipande.

Walimpigia simu Mwalimu Mosi, anayesomesha watoto Kurani na kuwasomea wagonjwa dua. Alikuja baada ya sala ya alasiri, mtu mfupi, mkali, hakutaka hata chai. Alikinusa kile kifurushi, akakitupa chini kama kimemchoma.

"Ulifumua hirizi, Almasi. Mutoto wa Waislamu mzima."

"Sikujua, Mwalimu."

"Huyu ni jini wa mzigo. Bwana wa msafara alimufunga hapa ili alinde mali njiani. Kazi yake ni moja, kubebwa. Sasa umebomoa nyumba yake, na yeye amepanda mugongo wa kwanza aliouona una kitambaa. Anakula aliyekuwa pale mugongoni, huyu mutoto, apate nafasi."

"Mufunge tena!" Chadia akalia.

"Mukono uliomufunga umekufa, na maneno yake umekufa nayo. Mimi naweza kumuhamisha tu." Mwalimu akatazama meza, ulipokuwa mkoba mpya, na mkanda wake ukiwa na kijifuko kitupu begani, maana Almasi aliiga kila kitu. "Munaona? Ameshaanza kuishona nyumba yake mwenyewe. Lakini haingii ndani ya kitu bila mugongo wa kukibeba."

Kitenge kilichokuwa sakafuni kikajikunja. Hakuna aliyekigusa. Kikajikunja, kikainuka katikati kama kuna goti chini yake, na Idrissa akatoa sauti ndogo isiyokuwa hata kilio.

"Mugongo wa nani?" Almasi akanong'ona. "Wa Gloire? Hapana. Gloire ni mutoto wa watu."

"Na huyu," Chadia akasema, akimwinulia Idrissa mbele ya uso, "huyu ni mutoto wa nani?"

Almasi akainuka. Akatoka nje.

Mwalimu akasema ni lazima ashone yule aliyepandwa, kwa mkono wake, tena kwa kupenda. Basi Chadia akaokota nywele na vumbi, akatia ndani ya kijifuko cha mkanda, akashika sindano nene ya mume wake, na Mwalimu akasoma kwa sauti ya juu, na kila alipoingiza sindano kitu kikamvuta nyuma kwa nywele, na sauti ikamwambia tembea, tembea, mama, bado ni mbali, na mgongo ukauma kama unafunguliwa katikati, na akashona, akajichoma, akashona na damu yake, mpaka uzi ukaisha na mgongo ukawa wake. Idrissa akapiga chafya. Akatafuta ziwa.

Gloire alichukua mkoba siku ya kuondoka. Akauinua kwa kidole kimoja. "Mwepesi namna hii! Asante, Maman Idrissa!" Chadia alikuwa mlangoni, mtoto anamnyonya kwa nguvu hata inauma. Akamwambia tu, "Safari njema."

Vijana waliporudi kutoka milimani, Gloire hakupita na wenzake. Alikuja peke yake mchana, na Almasi alipomwona kwa dirisha akaingia chumbani. Gloire alikuwa hana mkoba. Hana kitu chochote mkononi wala begani. Lakini aliingia ameinama, anashika ukuta, mashavu yameisha, na jasho lake lilikuwa na harufu ambayo si yake.

"Maman Idrissa, nikuulize kitu. Ule mukoba uliniingia uzito kule juu. Nikatoa vibuyu, nikatoa shuka, nikatoa vyote. Bado. Nikauacha porini, nikashuka mikono mitupu." Akajaribu kunyooka, akashindwa. "Na bado niko naubeba. Hapa nyumbani kwenu, hamukuona kitu? Hata kidogo?"

Idrissa alikuwa mkekani, mnono, anapiga kijiko chini.

"Hapana," Chadia akasema. "Hatukuona kitu."

Gloire akaanza kulia bila sauti. "Kumbe ni kichwa yangu. Nyumbani wakijua watanifungia mu chumba ya maombi, kama walifanyia dada yangu. Nimekuambia weye tu, kwa sababu uko mama. Tafazali, usiambie mutu mwingine."

Chadia akamshika mikono yote miwili, ilikuwa ya baridi, myepesi, mifupa tu, na akajibu upesi, kabla msichana hajabadilisha mawazo.

"Nakuapia, mwanangu. Sitaambia mutu mwingine."