Nilifuturu Guangzhou Nikiwa Mkonze

Shemeji yangu Abbasi alivunja mlango kwa teke la pili. Kabla sijasimama, bapa la panga likatua usoni, meno yangu mawili yakadondoka sakafuni.

Wadau, mchana ule mimi nilitakiwa niwe Guangzhou, China. Kilomita elfu tisa kutoka chumba kile cha Mkonze!

Ngoja niwaeleze, ili mnitukane vizuri.

Nauza vifaa vya simu. Mke wangu, Nasra, yuko Miyuji. Ramadhani ilipoingia nikamuaga kwamba nafuata mzigo China, kumbe naenda kwa Penina, fundi cherehani, upande wa pili wa mji.

Nilijipanga, jamani. Kutoka Dar mpaka Guangzhou, pamoja na kuunganisha ndege, nilipiga hesabu ya masaa kumi na nane. Nikazima simu masaa kumi na nane kamili. Nilipoiwasha nikamwambia Nasra nimetua salama, ila miguu imevimba kwa kukaa.

Kilichoniponza ni swaumu.

Tangu utotoni Kondoa sijawahi kula mchana wa Ramadhani. Hata kwa Penina nilifunga, na yeye Mkristo ndiye aliyenipikia uji. Siku ya tatu Nasra akapiga video. Magharibi ikaadhiniwa, nikameza tende mbele yake, naye akafuturu kwake.

Abbasi alikuwa pale, amealikwa futari. Ameshafika China mara mbili. Akamuuliza dada yake taratibu: jua la Guangzhou limezama masaa matano yaliyopita, sasa huyu anafuturu na nani?

Bodaboda wa kijiweni kwetu, aliyenibeba na begi langu, hakuhitaji kubembelezwa kutaja aliponishusha. Kesho yake mchana ndiyo mlango ukavunjwa.

Abbasi alinyanyua panga tena, safari hii kwa makali. Mimi nilijikunyata ukutani. Penina akaingia katikati, akakinga kwa mkono wa kulia.

Vidole vyake viwili vikaanguka.

Alitoa mlio ambao bado nausikia. Abbasi akalitupa panga, akakaa chini mpaka polisi walipokuja.

Hospitali, Nasra akatokea. Nilidhani kanifuata mimi. Akanipita, akavuta kiti kwenye kitanda cha Penina.

"Pole, dada."

"Asante. Wewe ni nani?"

"Mke wa Khalidi."

Penina akanigeukia. "Si uliniambia mkeo alifariki kwa uzazi?"

Nasra akamvutia shuka vizuri hadi mabegani.

"Basi mimi ndiye marehemu," akasema.

Abbasi yuko mahabusu. Penina hawezi tena kushika mkasi. Nasra ameomba talaka, nimempa, na kila Jumamosi anakwenda Mkonze kumfulia Penina nguo.

Niliogopa kumeza tonge mchana, lakini sikuogopa kumzika mke wangu akiwa hai. Wewe unayefunga huku una watu wawili unaowadanganya, nenda kawaambie ukweli leo. Na mimi msinipe pole.