Herufi Moja

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, fundi wa kuchomelea alimpulizia mkewe uji, na uji ukanuka chuma cha moto.

"Umerudi karakana bila kuniaga, baba wewe?" mke alitania.

"Sijagusa chuma," alisema fundi, meno yakiachana kwa shida. "Chuma ndicho kilichonigusa." Geti lilikuwa limemwangukia, bamba na skrubu sita ndivyo vilivyoshika taya.

Walicheka. Fundi alinyamaza kwanza. Ndani ya taya, kicheko kikaendelea kidogo.

Mke alikuwa na mimba ya miezi minane. Hospitali walikwangua shavu la fundi kwa ndani, kupima kama chuma kinadhuru jeni, zile chembe mzazi anazomrithisha mwanawe. Majibu yalichapwa mstari mmoja: *Jini halijadhurika.*

"Mwanangu atakuwa salama?" mke aliuliza.

"Kosa la chapa, mama," mpimaji alicheka. "Ni jeni. Herufi moja tu."

Mke alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alishusha sauti. "Herufi moja ingetupa 'jini hazijadhurika'. Hili 'hali' nani kalipatanisha na jini?"

Mpimaji aliusoma tena mstari ule.

Mke akalia kwamba jini limo kwenye chuma kile, mpaka daktari akakubali kulitoa bamba kabla ya wakati, na lilipodondoka kwenye sinia halikulia kama chuma bali liliguna kama mtu aliyeamshwa, kisha harufu ile ikapita juu ya kitanda, ikampita daktari na muuguzi, ikafika mlangoni aliposimama mke amekumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, na hapo ikakoma.

Taya la fundi liliachia tena. Hakusema neno lililoeleweka tangu siku hiyo.

Mtoto alizaliwa mzima. Mpimaji, kwa huruma, alimkwangua shavu, akaandika majibu kwa mkono wake, herufi baada ya herufi. Mke aliyasoma kwa sauti mbele ya mumewe, mtoto mapajani, machozi ya shukrani yakimtoka:

"Jeni za mtoto hazijadhurika."

Mtoto akafumbua kinywa kisicho na jino. Harufu ya chuma cha moto ikampiga mama usoni, na sauti nzito, yenye subira kama ya mwalimu, ikamsahihisha:

"Halijadhurika."